Vionjo

Mlangoni mwa jokofu, chini ya sumaku ya tikitimaji,
pana karatasi ya mfuko wa unga, imekunjwa mara nne.
Tarehe tatu Oktoba: ya mpiga kinanda aliyeuza masikio yake.
Tarehe kumi na saba: ya mapacha na treni isiyo na dereva.
Novemba, siku haijatajwa: ile ya theluji.
Hiyo nimeipigia mstari mara mbili.
Mama mkwe, Venera, huisoma akitafuta chumvi.
“Hii ni orodha ya madeni?”
Namjibu ndiyo.

Mchana kutwa nachonga meno ya watu nisiowajua,
taji la gego, daraja la meno matatu,
na vumbi jeupe linanikaa kwenye nyusi hadi nyumbani.
Jioni naloweka maharage ya kesho, nachemsha ya leo,
naisaka soksi ya Tsotne, daima moja, daima ya kushoto,
kana kwamba soksi zina kushoto.
Malkhazi yuko Sarpi, mpakani, foleni ya malori haisogei,
sauti yake inakatikakatika: umekula? Watoto wamekula?
Nikishaagana naye naiegemeza simu kwenye chupa ya siki:
kionjo kipya, dakika mbili na nusu,
mwiko hewani,
na maharage yanashika chini ya sufuria.
Nyumba nzima inaijua harufu hiyo.
“Mama ameona filamu,” anasema Tsotne.

Sijaona. Nimeonja.
Na muonja asali haonji mara moja.

Kwa hiyo Jumatano,
Salome akiwa darasani kwake, ng’ambo ya Daraja Jeupe,
akijifunza kuteleza sakafuni kama asiye na miguu,
mimi ninayo nafasi mpaka saa moja na robo.
Nanunua tiketi nzima, kwa bei kamili,
kiti cha pembeni, safu ya mwisho, karibu na mlango.
Koti silivui.
Taa zinafifia na mimi nakuwa mtu wa miaka kumi na tisa.
Vionjo vinne. Siku ya bahati, vitano.
Hapa hakuna aliyekwisha kufa,
mpenzi bado yuko kituoni na maua yake,
na lile swali la mzee yule kwenye ngazi
halijaharibiwa na jibu.
Filamu ambayo haijatoka haijamkosea mtu.

Kisha inaanza yenyewe, ile waliyoijia wenzangu.
Nainuka, nainama nisiwazibe, natoka.

Guram, mkata tiketi, mara ya kwanza alidhani naumwa.
Mara ya pili akaniuliza, “Mbaya kiasi hicho?”
“Sijui,” nikamwambia, “sijaiona.”
Mara ya nne aliipokea tiketi, akaitazama,
akanirudishia bila kuichana.
“Siku utakayokaa hadi mwisho,” alisema,
“ndiyo nitakayoikata.”
Ninazo saba sasa mfukoni, nzima nzima,
zimelowa mvua ya Kutaisi, zimekauka, zimelowa tena.
Hatuzungumzi zaidi ya hapo.
Ila juzi aliniwekea bango la ile ya theluji,
amelikunja vizuri, limefungwa kwa uzi wa viatu.

Darajani Salome ananipa begi, ananishika mkono,
vidole bado vya moto kwa kucheza.
“Leo inahusu nini?”
Naanza. Mwanamke, mlima, mbwa mwenye jicho moja.
Kionjo kinapokoma mimi siwezi kukoma,
mto Rioni unapiga kelele chini yetu, napaza sauti:
mbwa anapotea, yule kaka anarudi usiku,
anabisha hodi kwa kiwiko kwa sababu mikono imejaa kuni.

“Subiri,” anasema. Anasimama kabisa katikati ya mbao.
“Wiki iliyopita huyo kaka alikuwa ameshakufa.”

“Alikuwa,” nasema.
“Bado haijatoka.”